Hata Panadol

BINGWA: Haloo... nani tena?

KIFARANGA: Shikamoo, daktari. Ni mimi wa wodi ya wanaume. Kifaranga, jina ulilonipa mwenyewe.

BINGWA: [Anapumua kwa nguvu.] Shikamoo ya ngapi hii tangu jana usiku?

KIFARANGA: Ya saba, mkuu. Adabu haina kikomo.

BINGWA: Saa ngapi sasa?

KIFARANGA: Kumi na moja kasoro dakika tano alfajiri. Ulikuwa umelala?

BINGWA: Nilale saa ngapi? Nikifumba jicho tu, wewe huyo! Saa nne unanipigia kwa ajili ya panadol. Saa sita kikohozi. Saa nane—

KIFARANGA: Plasta.

BINGWA: Plasta! Daktari mzima unaniamsha kuniuliza habari za plasta!

KIFARANGA: Karatasi yako iko hapa ubaoni, tangu ulipoibandika Jumanne. Nikusomee? "Daktari aliye mafunzoni asitoe chochote, hata panadol, bila kunipigia mimi kwanza. Saa yoyote." Hapo kwenye saa yoyote umepiga mstari. Miwili.

BINGWA: Nilikuwa na hasira—

KIFARANGA: Na mimi ni nani nipinge maandishi ya mkubwa?

BINGWA: Unanikomoa.

KIFARANGA: Mkuu? Mtandao unakwaruza. Ngoja nisogee dirishani... Haya, umesemaje?

BINGWA: Nimesema unanikomoa! Mke wangu kabeba mto wake kahamia chumba cha watoto. Mimi hata simu isipolia naisikia inalia. Nimelala nimekodoa macho, naisubiri.

KIFARANGA: Kumbe ndivyo inavyokuwa, eeh? Pole sana. Mimi huwa naisikia mpaka nikiwa naoga.

BINGWA: Sema shida yako. Saa mbili nina upasuaji.

KIFARANGA: Mzee wa kitanda cha nne, yule aliyeteleza bafuni akavunjika nyonga. Kilo arobaini na tano. Maumivu yamempanda, analia. Presha nzuri, anapumua vizuri. Nimpe morfini kiasi gani kwenye mshipa?

BINGWA: Si unajua mwenyewe—

KIFARANGA: Hata panadol, mkuu.

BINGWA: Mpe... mpe hamsini.

KIFARANGA: Hamsini?

BINGWA: Hamsini! Huna masikio?

KIFARANGA: Ninalo daftari la maagizo ya simu, na utaratibu unasema nirudie. Sista yuko hapa kando yangu, spika iko wazi. Morfini, miligramu hamsini, kwenye mshipa, sasa hivi. Ndivyo?

BINGWA: Ndivyo.

KIFARANGA: Tano na sifuri.

BINGWA: Tano na sifuri! Andikeni, mtie sahihi, mniache!

KIFARANGA: Nimeandika. Sista anatia sahihi.

BINGWA: Haya, kwa he—

KIFARANGA: Jumanne niliandika ngapi?

BINGWA: Nini?

KIFARANGA: Jumanne, mkuu. Nilikuwa na saa thelathini na mbili sijaweka ubavu chini. Nikaandika dozi ya morfini, Sista akaiona kabla haijamfikia mgonjwa. Asubuhi ukanisimamisha katikati ya wodi, ukataka niisome kwa sauti, kila kitanda kisikie. Nilisoma ngapi?

BINGWA: [Mtandao unakwaruza.]

KIFARANGA: Haloo?

BINGWA: ...Hamsini.

KIFARANGA: Na ilitakiwa?

BINGWA: Tano. Mungu wangu! Hujampa? Kifaranga, niambie hujam—

KIFARANGA: Sista amevuta tano tu kwenye sindano, na tutaipitisha kidogo kidogo. Mzee yuko salama. Mimi Jumanne hukuniuliza kama mgonjwa yuko salama. Uliniuliza cheti changu nilikinunua soko gani.

BINGWA: Mtandao ulikuwa mbaya, sikukusi—

KIFARANGA: Umesema hamsini mara mbili, ukasema ndivyo, ukamalizia tano na sifuri. Tumesikia mimi na Sista. Mkuki kwa nguruwe, mkuu.

BINGWA: Nimekurupushwa usingizini! Mtu hajalala usiku kucha, unategemea—

KIFARANGA: Hapo hapo. Endelea.

BINGWA: Niendelee na nini?

KIFARANGA: Usiku mmoja tu, tena kitandani kwako, na shuka juu. Mimi ulinipanga zamu nne za usiku ndani ya siku tisa, na mchana wake niko wodini vilevile. Nilikufuata ofisini. Ulinijibu nini?

BINGWA: Nilisema... daktari hachoki.

KIFARANGA: Nikaenda kulia chooni, nikanawa uso, nikarudi kazini. Tangu siku ile naisubiri siku yangu. Nimekuchukia mpaka nikawa nasahau kula.

BINGWA: Sasa unataka nini? Karatasi nitaitoa. Ratiba nitaibadilisha leo leo—

KIFARANGA: Karatasi utaibandua wewe mwenyewe, watu wote wa raundi wakiwa wamesimama. Na ukurasa huu wa daftari utausoma. Kwa sauti.

BINGWA: Mbele ya wagonjwa?

KIFARANGA: Mzee wa kitanda cha nne ana sikio zito. Itabidi upaze.

BINGWA: ...Sawa. Nimekubali, nitasoma. Niache basi nijilaze hata nusu saa, yule mama wa uvimbe wa shingo—

KIFARANGA: Yule mama. Ndiyo.

BINGWA: Nini tena?

KIFARANGA: [Sauti inashuka.] Nilitaka ukose usingizi tu. Kila nilipobonyeza namba yako nilikuwa nacheka. Mpaka uliposema hamsini bila hata kusita. Ndipo nikakumbuka saa mbili utashika shingo ya nani. Nilipitiliza, na hilo nalibeba. Lakini kisu hukishiki leo.

BINGWA: Wewe huwezi kunipa amri.

KIFARANGA: Basi naandika mstari wa pili. "Bingwa ameombwa aahirishe, amekataa." Sista, kalamu tafadhali.

BINGWA: Subiri! Subiri, jamani... [Anakohoa.] Nitapigia chumba cha upasuaji. Nitasema gari limeniharibikia.

KIFARANGA: Gari lako zima.

BINGWA: Sasa niseme nini?

KIFARANGA: Neno lenyewe unalijua.

BINGWA: Usinifanyie hivyo.

KIFARANGA: Salio langu linakwisha, mkuu. Simu ya wodi mbovu tangu mwezi uliopita, usiku kucha nakupigia kwa vocha yangu. Sema haraka.

BINGWA: [Kwa sauti ndogo.] Nimechoka.

KIFARANGA: Inakwaruza. Sista hajasikia.

BINGWA: Nimechoka! Nimechoka, siwezi kumpasua mtu! Umeridhika?

KIFARANGA: Nimeandika. Kumi na moja na dakika moja. Na uwaambie hivyo hivyo, nitauliza.

BINGWA: Nitawaambia. Ila... daktari.

KIFARANGA: He! Kifaranga kimeota manyoya leo.

BINGWA: Daktari, nakuuliza kwa wema. Utapiga tena?

KIFARANGA: Wodi ina vitanda thelathini, mkuu, na karatasi bado iko uba—

BINGWA: Niambie tu kama utapiga, nijue moja. Haloo? ... Haloo? Daktari?