Bidonge Nilificha mu Kikwembe

Batata na bamama benye kungojea dawa ya kifua hapa, muniache niseme nikikaa. Miguu imechoka, na hii habari nayo imechoka.

Nilizaliwa Musonoi. Baba yangu alikuwa mutu wa mine, mwenye kuchimba shaba. Miaka ile ya kufukuza batu ba Kasai kama sisi, majirani benye tulichota nabo maji ku robinet moja balitutoa mu nyumba. Tukaenda kulala ku gare, kungojea treni. Juma kisha juma, treni haifiki. Pale nikaanza homa na kukonda, nikatema damu. Kifua kikuu.

Mama mumoja muuguzi alikuya pale ku gare, akanipa dawa. Alikuwa wa kabila ya benye kutufukuza. Nilimeza mwezi mumoja, kikohozi kikapunguka. Kisha shingo ikavimba, homa ikarudi kupita mwanzo. Nikasema, njo hii, ananipa sumu. Ndugu zangu, nawaambia bila kuficha: kila asubui niliweka kidonge mu mudomo, akigeuka natema, nafunga mu kikwembe. Damu ikarudi.

Siku moja fundo ya kikwembe ikafunguka mbele yake, bidonge bikamwangika. Hakukasirika. Akakaa chini na mi mu vumbi.

"Mama, dawa ilikuwa inaua mikrobe. Basoda, askari ba mwili wako, bakaamuka, bakachapa mpaka na nyama yako. Njo maana ulivimba. Kuna basoda bengine, kazi yabo ni kushika benzabo mikono. Bakizidi, ugonjwa unakaa raha. Bakipunguka, mwili unajichoma. Kwako balipunguka."

Nikamuuliza na uchungu: "Na kwenu, benye kushika bengine mikono bako wapi?"

Akanijibu: "Ni bachache. Na mi niliogopa. Lakini kila siku nakuya hapa, na batu banaona."

Siku ya kufukuzwa sikulia. Nililia pale. Kisha nikafungua mudomo, akaweka kidonge, akangoja nimeze.

Akaniongezea dawa ya kutuliza uvimbe. Alikuya kila asubui mpaka treni ikafika, na siku ile akanifungia bidonge bya miezi yenye ilibakia. Nilibimaliza mbali, ku Kasai. Niliporudi kisha miaka mingi, nilimutafuta, balisema alihama. Jina yake siisemi. Asante yake ninayo bado, sijapata mukono wa kuipokea.

Dawa ikikugeukia, usiifiche, uliza. Na siku mutaa mzima utashikwa na homa, shika mwenzako mukono, hata kama unaogopa.

Basi, nimechoka. Mwenye hajameza ya leo, ameze. Mi namuangalia.