Jua la Hemani

Basi la kutoka Nzega lilikuwa linaingia Tabora, na Adriano alijifanya amelala ili asikie vizuri. Kwenye kiti cha mbele yake, Bi Mwanahawa, muuza vitenge wa Ng'ambo, alikuwa amemtambua aliyekaa naye: ndiye Raymundi, yule anayezunguka mashuleni na hema jeusi la kuonyeshea nyota.

"Kumbe ni wewe," akasema. "Umemfuturisha mjukuu wangu saa nne asubuhi."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, lakini nijibu."

Raymundi akajitetea taratibu. "Wadogo nawaonyesha jua likizama, ndilo wanalolielewa. Wakubwa nawapa mizunguko ya sayari. Sikujua kuna mtu ameingia na tende mfukoni."

"Mwezi wa Ramadhani, mtoto aone jua limezama, asifuturu?"

Adriano, Mkatoliki wa kuzaliwa, aliona hoja hiyo ina uzito. Akazirudisha mfukoni karanga alizokuwa ameshika.

"Lakini nje kulikuwa kweupe, mama."

"Kwani yeye alikuwa nje?"

Raymundi akakumbuka jambo. "Hata darasa la saba walizikataa sayari, wakaomba jua lizame tena. Nikadhani wanapenda sayansi."

"Na mwalimu wao alikuwa wapi?"

"Ndiye aliyeingia na ndoo ya maji."

Basi likasimama Isevya. Bi Mwanahawa akainuka, akaweka mtandio wake sawa, kisha akamwinamia Raymundi na kunong'ona, hata Adriano ikabidi afumbue macho ndipo asikie.

"Na mwezi wa Idi, nao unao humo hemani?"