Sindano za Mama Tumpe

Waombolezaji wenzetu, marehemu Faustina Liberatus Kihwele, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Tumpe, alizaliwa tarehe 8 Mei 1961 Mlandege, Iringa, akasoma shule ya msingi hapo hapo mjini kuanzia 1969 hadi 1975, kisha akajifunza uuguzi na kuhitimu mwaka 1981. Tarehe 14 Septemba 1985 alifunga ndoa na Gerson Mwaisumo wa hapa Mbalizi, wakajaliwa watoto wawili, Tumpe na Vitus.

Mwaka 2006 alihamishiwa kwenye mahabusu ya watoto, akakuta vijana wanachorana majina ya mama zao mikononi kwa masizi ya sufuria, sindano moja ikizunguka bweni zima, na Obeid, mvulana wa Makongolosi, amevimba mkono nusura ukatwe. Marehemu akaomba kibali cha kuwaeleza vijana habari za Ukimwi na homa ya ini, akajibiwa na uongozi kwa heshima zote kwamba sindano ni marufuku mahabusu, kwa hiyo hazipo, na kitu kisichopo hakifundishwi.

Hakubishana, alirudi wiki iliyofuata na ombi la darasa la kudarizi vitambaa vya makochi, na hapo sindano zikapokelewa rasmi kama vifaa vya kufundishia, naye akapata nafasi ya kueleza hatari zake zote bila kuficha. Vijana walimcheka kwamba hiyo ni kazi ya madada, mpaka Obeid, mkono ukiwa bado kwenye bandeji, alipoomba uzi mwekundu.

"Jina la mama yako litakaa vizuri kwenye kochi lake," marehemu alimwambia, "na halitatoa usaha."

Kila jioni sindano zilirudi kwenye kopo la kahawa, na hakuna aliyekwenda kula kabla hazijatimia. Mikono ikapona, na mkaguzi mmoja alisifu sana ari ya kituo, akaondoka na vitambaa viwili.

Alistaafu mwaka 2021, akaanza kusumbuliwa na figo mwaka 2023, na tarehe 3 Juni 2024 akafariki hospitalini Mbeya, akiwa asubuhi hiyo amewatania wauguzi jinsi wanavyoshika sindano.

Familia inawashukuru madaktari, majirani, wafanyakazi wenzake, na Obeid, ambaye leo ni fundi cherehani, aliyekesha na wenzake wa bweni lile wakidarizi kwa mkono kitambaa hiki mnachokiona juu ya jeneza, chenye jina la Faustina kwa uzi mwekundu. Pumzika kwa amani, Mama Tumpe, sindano zimerudi zote koponi.