Wasifu wa Fundi Rangi Aliyeomba Wiki Mbili

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Kesho Kutwa, alizaliwa tarehe 9 Machi 1968, kitinda mimba wa fundi cherehani na muuza mkaa. Baba yao alipofariki, alilelewa na kaka yake mkubwa, ambaye leo ni mkandarasi. Hilo ni kweli na sitalificha.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1983. Mwalimu wake alimchapa kwa kuchora madirisha ukutani kwa chaki, halafu akakiri kwamba madirisha yale yalinyooka kuliko ya shule yenyewe.

Alianza kupaka rangi mwaka 1986 chini ya kaka yake. Alisifika kwa mabafu. Alisugua ukungu, akapiga msasa, akapaka mikono miwili ya rangi, wa pili juu ya wa kwanza, kisha akagoma kurudisha vioo na vishikio vya taulo. "Rangi kukauka si kukomaa," alisema. Alibonyeza ukucha nyuma ya mlango. Ukiacha alama, alichukua ndoo yake akaondoka. Mama mmoja alimfokea, "We fundi, nitaoga kwa jirani mpaka lini?" Akamjibu, "Kesho kutwa, mama. Na kesho kutwa ukiniuliza, nitakujibu hivyo hivyo." Jina likamganda.

Tulifunga ndoa tarehe 14 Desemba 1994. Mimi nilikuwa dobi, sijui kusoma, naye hakunisimanga hata siku moja. Bafu letu alilipaka wiki ya harusi, nikaoga kwa mama mwenye nyumba siku kumi na nne, bibi harusi mzima na taulo begani. Watu walicheka mpaka wakachoka. Rangi ile haijabanduka hadi leo.

Mwezi Mei 2019 kaka yake alipata kazi ya nyumba ya wageni yenye mabafu kumi na mawili. Marehemu aliyapaka yote, akaacha madirisha wazi, akaomba wiki mbili. Siku ya tatu kaka akaja na mafundi bomba.

"Ufunguzi ni Jumamosi. Fungeni kila kitu."

"Kaka, bado mbichi ndani. Itabanduka."

"Wewe na kesho kutwa zako! Mwenye kazi ni mimi."

Wakafunga. Wageni walipooga maji ya moto, mvuke ukaivimbisha rangi malengelenge, na vioo vilivyogundishwa ukutani vikadondoka na rangi yake mgongoni. Mwenye nyumba ya wageni alipouliza, kaka alimnyooshea kidole mdogo wake: "Huyu alizidisha maji kwenye rangi."

Marehemu alinyamaza. Nyumbani nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Mama watoto, yule ndiye aliyenilea. Atasema mwenyewe."

Hakusema. Maneno yakazunguka mtaani kwamba Kesho Kutwa ni mwizi wa rangi, anaiuza na kujazia maji. Simu yake ikanyamaza. Wateja wa miaka ishirini walivuka barabara wakimwona. Alikaa kibarazani na brashi zake zikakakamaa ndani ya kopo, na mimi nikarudi kufua nguo za wale wale waliokuwa wakimsema.

Kifua kilimwanza Agosti 2023. Daktari alisema ni vumbi na harufu za miaka mingi. Tarehe 2 Februari 2024 nilimfuata shemeji ofisini kwake.

"Shemeji, mwambie yule mwenye nyumba ukweli. Mgonjwa asikie tu, basi."

"Shemeji, hayo ya zamani. Akipona tutaongea."

Marehemu alifariki tarehe 19 Februari, saa nne asubuhi. Alfajiri aliniuliza kama kaka amepiga simu. Nikamwambia amepiga, amesema kila kitu. Alinitazama tu, na sijui kama aliniamini. Ndiyo maneno ya mwisho aliyoyasikia kwangu, na yalikuwa ya uongo.

Ameacha mjane, mabinti wawili, mjukuu mmoja na kaka mmoja. Katika ratiba mliyoshika, baada yangu kaka huyo atazungumza kwa niaba ya familia. Mimi sina tena la kumwomba. Aliyekuwa akingoja kusikia yumo ndani ya jeneza hili.

Mungu ampumzishe fundi wetu. Hakuzidisha maji.