Siku Nilipopeleka Pesa ya Mabati Musoma

Bwana asifiwe, watu wa Mungu! Naona walioitikia ni wa huku mbele tu. Ninyi wa nyuma, hata kama jua limewachosha, Bwana asifiwe!

Wengi mnanifahamu. Mimi ni Magesa, yule mwenye mashine ya kusaga hapa Kiabakari, kando ya barabara. Kwa wageni wetu mliotoka Bunda na Butiama, niseme tu kwamba nilikuwa mweka hazina wa kanisa hili kwa miaka sita. Leo mimi siyo mweka hazina tena, na nimesimama hapa kuwaeleza kwa nini. Mchungaji ameniruhusu. Mke wangu, Mama Nyangeta, naye ameniruhusu, na ruhusa yake ndiyo ilikuwa ngumu zaidi kupatikana.

Ndugu zangu, nilikuwa na mashine moja, na ilikuwa inatutosha. Akina mama walikuwa wanapanga foleni na mahindi yao na mihogo mikavu, wengine wanakata tamaa wanaondoka. Kila anayeondoka, moyo wangu unauma. Nikasema, nikipata mashine ya pili hakuna atakayeondoka. Hapo ndipo nilipoingia kwenye ofisi ya kampuni moja ya mikopo mjini Musoma. Jina lake sitalitaja, sikuja hapa kugombana na mtu.

Wakanipa milioni nne. Wenyewe waliuita mkopo huru. Unachukua kiasi unachotaka, unarudisha taratibu, ukikwama unachukua tena kutoka humo humo. Riba ni asilimia tatu kwa mwezi. Dada wa ofisini akanionyesha pa kusaini, kurasa saba, na mimi nikasaini zote saba kama mtu anayefukuzwa. Sikusoma hata mstari mmoja!

Miezi mitano ya kwanza, raha tupu. Mashine mbili zinanguruma, na mimi nilikuwaga natembea hapa barabarani kama diwani. Halafu ikaja meseji kwenye simu: Mpendwa mteja, kuanzia mwezi huu riba yako ni asilimia tano. Riba ya laki moja na ishirini ikawa laki mbili, kwa meseji moja tu. Sikuuliza. Nikasema Mungu atafungua njia, nikalipa. Baada ya miezi miwili, mpendwa mteja, asilimia saba. Dizeli nayo ilikuwa imepanda, na watu walikuwa wameuza mahindi yao mapema, foleni imekwisha. Nikakwama. Nikafanya kile nilichoambiwa naweza kufanya: nikachukua tena kutoka humo humo. Mnanielewa, ndugu zangu? Nachukua kwenye mkopo ili nilipie mkopo! Milioni nne ikapita tano, na sikuwa nimenunua chochote, hata mkanda wa mashine. Ndipo riba ikafika kumi.

Na yote haya mke wangu hajui. Nilibadilisha namba ya siri ya simu. Siku moja akaniuliza, "Baba Nyangeta, hizo mashine mbili zinasagaga nini? Mbona humu ndani hatuoni unga wala pesa?" Nikamjibu kwamba biashara ina majira yake. Wiki hiyo hiyo binti yetu alirudishwa kutoka shuleni Bunda kwa sababu ya mchango wa chakula. Na Jumatano nikasimama hapa hapa, nikawafundisha ninyi somo la kumtumaini Mungu! Mlisema amina. Mungu anisamehe.

Sasa sikilizeni palipokuwa na shimo lenyewe. Nilipewa siku saba. Nisipolipa, wanakuja kubeba mashine zote mbili. Na ndani ya nyumba yangu, kwenye bahasha ya kaki, kulikuwa na laki tisa. Mnazikumbuka. Ni zile laki tisa za mabati, mlizotoa baada ya mavuno, wengine mkauza kuku, wakati ambapo watoto wa Sunday school walikuwa wananyeshewa wakiimba. Tulizihesabu wote, mkanikabidhi.

Alhamisi asubuhi nikaichukua ile bahasha. Nikamwambia mke wangu naenda Musoma kununua spea. Njia nzima nilikuwa najisemesha: nakopa tu, nitarudisha kabla kamati haijakaa. Ndugu zangu, mwizi wa kanisa hajiitagi mwizi. Anajiitaga mkopaji.

Nikaingia ofisini, nikaweka bahasha juu ya kaunta. Dada yule yule akatazama kompyuta yake. Akasema, "Baba, kuanzia tarehe moja riba yako imepanda. Sasa ni kumi na mbili."

"Si ilikuwa kumi?"

"Imepanda, Baba. Halafu unadaiwa riba ya miezi miwili ya nyuma, milioni moja na elfu arobaini. Hii laki tisa haifiki hata riba. Nikiipokea, mashine watakuja kuchukua tu. Niipokee hivyo hivyo?"

Haleluya! Mtu mzima mimi nimeamua kuuza nafsi yangu, nimeipeleka sokoni mwenyewe, na mnunuzi ananiambia haitoshi! Mkono wangu ulikuwa bado juu ya bahasha. Nikauona huo mkono. Ndio mkono ninaotolea sadaka, ndio niliokuwa nawawekea watoto wenu kichwani. Kama riba ingebaki kumi, ndugu zangu, huenda ningeomba wanipunguzie, ningelipa, na leo ningekuwa mwizi nimekaa kiti cha mbele. Ile riba iliyokuwa inanimaliza ndiyo Mungu aliyoitumia kunifungia mlango. Nikaivuta bahasha. Nikasema, "Usipokee." Nikatoka.

Sikupita nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja kwa Mchungaji, nikaweka bahasha mezani, nikamwambia ahesabu. Akahesabu. "Zimetimia," akasema. "Kuna nini?" Nikamweleza yote nikiwa nimepiga magoti, nalia kama mtoto. Halafu akauliza, "Mama Nyangeta anajua?"

"Hajui."

"Basi hujamaliza kuungama. Inuka twende."

Tulimkuta mke wangu anachambua dagaa uani. Nilimwambia mbele ya Mchungaji: mkopo, meseji, bahasha, safari ya Musoma, vyote. Nilitegemea alie, au achukue nguo zake aende kwao Suguti. Hakulia. Alisema, "Miezi yote hii nilijua una mwanamke Musoma. Nimefunga na kuomba juu ya huyo mwanamke. Kumbe ni mkopo?" Mchungaji akageukia pembeni, sijui alikuwa anacheka au analia. Halafu mke wangu akafuta mikono kwenye kitenge. "Mkataba uko wapi?"

Nikauleta. Akausoma kurasa zote saba, kidole chini ya mstari, akarudia tena. Ukurasa wa tano akasimama. Pale palikuwa pameandikwa kwamba riba haiwezi kupandishwa mpaka mteja apewe barua siku thelathini kabla, na asipokubali anaruhusiwa kulipa mkopo wake na kuufunga kwa riba ya zamani.

"Ulipewa barua?"

"Walituma meseji."

"Nimeuliza barua, Baba Nyangeta."

"Sikupewa."

Jumatatu tulikuwa watatu mbele ya meneja wa kampuni: mimi, mke wangu na Mchungaji. Kwanza akatuambia mambo ya riba yanapangwa na mfumo wa kompyuta. Mke wangu akamwekea mkataba mbele yake, akasema kwa heshima kabisa, "Tunaomba utusomee hapa, Meneja. Kwa sauti, maana mume wangu hasomagi." Akasoma. Alipofika mwisho, jasho lilikuwa linamtoka. Akatuambia turudi baada ya wiki. Hatukungoja wiki. Tukaandika malalamiko kwa ofisi ya serikali inayosimamia wakopeshaji, tukaambatanisha meseji zote za mpendwa mteja. Kwa kuwa malalamiko yalikuwa yanasikilizwa, hakuna aliyekuja kubeba mashine.

Siku hizo zilikuwa ngumu, sitawadanganya. Mke wangu alinipikia na kunifulia, ila kuongea na mimi ilimchukua muda. Na kamati nayo niliieleza mwenyewe, nikakabidhi vitabu. Sasa hivi pesa za kanisa zinashikwa na watu wawili, na ndivyo inavyotakiwa kuwa.

Halafu ile ofisi ya serikali ikatuita. Mungu ni mkuu! Nyongeza zote za riba zimefutwa. Mkopo umehesabiwa upya kwa asilimia tatu tangu siku ya kwanza, na nilichozidisha kulipa kimepunguzwa kwenye deni. Deni lililokuwa limepita milioni sita likashuka mpaka milioni tatu na laki sita! Nilisimama pale ofisini nikapiga kelele ya haleluya mpaka mlinzi akaingia.

Nikaiuza mashine ya pili. Aliyeinunua ni Mzee Shabani wa Bunda, mfanyabiashara wa nafaka, Mwislamu, mtu wa swala tano. Alijua nimebanwa. Angetaka, angenipa nusu ya bei. Alisema, "Magesa, mimi riba sili, na shida ya mtu pia sili." Akanihesabia milioni tatu kamili. Nilikuwa nimezoea kufikiri Mungu anatumiaga watu wa kanisani kwetu tu. Ile laki sita iliyobaki, mke wangu aliuza mbuzi wake wanane waliokuwa kwa mama yake Suguti. Mbuzi wake, ndugu zangu, kwa deni ambalo hakulichukua yeye! Msimpigie makofi Magesa. Mpigieni huyu mama!

Barua ya kufunga mkopo ilipokuja nilimpa aisome yeye. Akasoma, "Deni: sifuri." Akaniangalia, akatabasamu. Lilikuwa tabasamu la kwanza tangu ile siku ya dagaa. Nikajua nimefunguliwa.

Leo nina mashine moja. Mtoto yuko shuleni. Simu yangu ikilia, siogopi. Namshukuru Mungu, nawashukuru ninyi mlionisamehe wakati mlikuwa na haki ya kunifukuza. Na wewe unayenisikiliza, unayelipa mkopo kwa mkopo na nyumbani kwako hakuna anayejua, najua upo, maana hata mimi nilikuwaga nakaa hapo hapo nikiimba kwa sauti kuliko wote. Mtumaini Bwana, na ufungue mdomo. Mimi niliombaga kwa siri mwaka mzima nikiwa nimeficha deni, na siku niliyosema ukweli ndiyo siku msaada ulipoanza. Usione aibu. Tukitoka tutakuwa pale nje mlangoni, mimi na Mama Nyangeta. Njoo, na mkataba wako uje nao.

Mimi nitaomba. Yeye atausoma.