Mhuri wa PICHA SAFI na Miaka Thelathini na Minne ya Bi Gwantwa Kibona

Tarehe 30 Juni 2025 Bi Gwantwa Kibona anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya uuguzi, kumi na minane kati ya hiyo akiwa nasi katika hospitali hii ya Tunduma. Uongozi umeniomba niandike wasifu wake kwa lugha ya kupendeza. Nitajitahidi, ingawa mwenyewe hakutusaidia sana. Kitengo chetu cha picha kilimwomba jambo moja tu, aiamini mashine, na hilo moja likamshinda.

Alizaliwa Mbebe, Ileje, katika nyumba ya wakulima. Mwaka 1991 alianza kazi kwenye zahanati ya kijijini ambako mashine pekee ilikuwa mizani ya kupimia watoto. Nadhani ndiko alikopata tabia mbaya ya kuwauliza wagonjwa maswali. Alipohamia Vwawa akaongeza Kinyiha juu ya Kindali chake, na alipofika kwetu mwaka 2007 akaokota Kinamwanga na Kibemba cha kutosha kuwasikiliza wenzetu wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Mgonjwa akabaki hana lugha ya kumkwepea.

Mwaka 2021 tukapata mashine ya CT scan. Tulichinja mbuzi wawili, kwaya ikaimba, mchungaji akaiombea. Wiki iliyofuata Tunduma nzima ikaanza kuumwa kichwa. Walikuja mawakala wa forodha, wakaja madereva wa malori na wauza mahindi. Hata aliyegombana na mwenye nyumba wake alitaka ubongo upigwe picha. Mkuu wa kitengo alipoona foleni imefika getini akapata wazo la kitaalamu kabisa. Alikwenda kwa fundi mihuri karibu na mpaka akachongesha mhuri wa wino mwekundu unaosomeka PICHA SAFI.

Majibu yenyewe yalikuwa ukurasa mzima: hakuna uvimbe, hakuna damu iliyovuja, kipimo hiki hakioni hili wala lile, daktari alinganishe na dalili za mgonjwa. Mhuri ukawaokoa watu na usumbufu wa kusoma. Madaktari waliupenda, na wagonjwa waliupenda zaidi. Jumapili mtu alisimama kanisani kutoa shukrani, akachomoa picha kwenye bahasha ya kaki na kuiinua mbele ya dirisha, waumini wote wakauona ubongo wake na mhuri wake, vigelegele vikapigwa. Bi Gwantwa peke yake hakupiga. Alisema mhuri ule unataja tu yale ambayo mashine haikuyaona, nasi tunausoma kana kwamba mgonjwa haumwi.

Waliokosa mhuri nao walikuwa na vituko vyao. Lusajo, wakala wa forodha, alikutwa na kifuko kidogo cha maji pembeni mwa ubongo. Majibu yalisema pengine amezaliwa nacho na hakielekei kuwa chanzo cha maumivu. Lusajo alisoma maneno mawili tu, kifuko na ubongo, akapanda gari kwenda kwao Mbozi, akaitisha kikao cha ukoo na kuwaonyesha mahali pa kumzika, katikati ya mibuni. Kikao kikiwa kimepamba moto, Bi Gwantwa akampigia simu kumuuliza anameza vidonge vingapi vya maumivu. Vinne kwa siku, akajibu, kila siku, tangu mwaka juzi. Aliporudi Tunduma, Bi Gwantwa akampa kalenda ya ukutani aweke alama siku za kichwa na siku za vidonge, na alama zikafuatana kama siafu. Daktari akaona vidonge vyenyewe ndivyo vinavyokirudisha kichwa; alipomwachisha, wiki ya kwanza Lusajo alimtukana kila aliyemsalimia, na wiki ya tano kichwa kikatulia. Kifuko bado kipo, hakina habari naye. Pale kaburini ukoo umepanda mgomba.

Sasa nifike mahali ambapo wasifu mwingine ungeruka. Februari 2023 alikuja Loisi, binti wa miaka ishirini na sita, muuza chumvi kutoka Ivuna. Kwa miezi minne alikuwa anaamka na kichwa kinachotaka kupasuka. Akiinama kunyanyua gunia, macho yanaingia giza kwa sekunde kadhaa. Masikioni alisikia mvumo unaokwenda na mapigo ya moyo. Yote hayo alimweleza Bi Gwantwa wakiwa kwenye benchi. Fomu yetu ina mstari mmoja wa dalili, na juu yake tulikuwa tumeandika neno moja, kichwa.

Picha ilitoka safi, mhuri ukagongwa. Daktari wa zamu aliuona, akaandika vidonge vya maumivu na kumruhusu aende nyumbani. Loisi akamshukuru Mungu, akaikumbatia bahasha yake, akajigonga kwenye fremu ya mlango. Kisha akaiomba radhi ile fremu, akidhani ni mtu. Sisi tulicheka, na hilo sitalipamba.

Bi Gwantwa hakucheka. Alimshika mkono akamwongoza kwenda kliniki ya macho, akiwapita watu kumi na saba waliokuwa kwenye foleni na bila saini ya mtu yeyote. Mkuu wa kitengo akamfuata kwenye korido, mhuri mkononi, kumkumbusha kwamba majibu yameshatoka.

“Mkuu, picha ni safi kweli,” alijibu bila kusimama. “Mgonjwa ndiye haoni mlango.”

Jenista wa kliniki ya macho alimmulika Loisi na kukuta mishipa ya fahamu ya macho imevimba pande zote mbili. Maji yanayouzunguka ubongo yalikuwa na shinikizo kubwa, na shinikizo la namna hiyo laweza lisionekane kwenye picha kama yetu. Linaibana mishipa ya macho polepole, huku mwenye macho akipongezwa kwa kuwa na picha safi. Jioni hiyohiyo alipelekwa Mbeya. Huko walipiga picha nyingine ya kuangalia mishipa ya damu, wakapima shinikizo kwa sindano ya mgongoni, wakamwanzishia dawa. Walisema wiki chache zaidi zingetosha kumpofusha. Jicho la kulia lilirudi lote. La kushoto halikurudi lote.

Hospitali nayo ilitoa shukrani zake kwa heshima zote za ofisi. Bi Gwantwa alipewa barua ya onyo yenye makosa matatu: kuruka foleni, kuondoka kituoni bila ruhusa, na kwenda kinyume na majibu ya picha. Barua ilipangwa vizuri sana, hata aya zilipewa namba. Iliandikwa na mkuu wa kitengo yuleyule mwenye mhuri, anayeitwa Aliko Simkoko, na ndiye anayeandika wasifu huu. Kwa miaka miwili nimekuwa nikisubiri wakati mwafaka wa kumwomba radhi. Wenye vyeo tuna subira ya ajabu.

Samahani, Dada Gwantwa. Ulikuwa sahihi, nami nilijua kabla wino wa barua haujakauka. Jana, kwa idhini ya uongozi, barua hiyo ilifutwa na kuondolewa kwenye jalada lako. Watumishi walipokuuliza unataka zawadi gani, godoro au kabati, uliomba mhuri, eti utakufaa kwa magunia ya kahawa shambani kwenu. Umefungwa kwenye karatasi ya maua, uko mezani. Nakujua, kila gunia utalifungua kwanza. Tunakushukuru kwa ukaidi wako wote, na huko Mbebe Mungu akupe afya, mvua za wakati wake, na majirani wanaopenda kuulizwa maswali.

Ratiba inaonyesha kwamba wasifu huu unasomwa na Loisi, aliyefika leo kutoka Ivuna na mfuko wa chumvi kwa ajili ya mama yake wa hospitali. Herufi tumezikuza kidogo kwa ajili ya jicho la kushoto. Loisi, ukifika hapa pumua kidogo. Nakuomba radhi kwa kicheko kile. Halafu inua macho uangalie meza kuu, utuambie Bi Gwantwa amevaa kitenge cha rangi gani.