Mopu Mbili za Wanza Mutinda, 1974–2025

Marehemu Wanza Mutinda alizaliwa tarehe 9 Machi 1974 katika nyumba za reli hapa Mombasa, mtoto wa tatu wa marehemu mzee Mutinda, aliyekuwa akiunganisha mabehewa, na Bi Kalekye, aliyeketi hapa mbele. Mamake asema alitoka na teke, likampata mkunga mdomoni. Mkunga akafuta damu, akasema, "Huyu hataonewa na mtu." Mkunga alikosea, lakini si sana.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa kisiwani, akamaliza darasa la nane mwaka 1988. Masomo yalikuwa ya kadiri, tusimsingizie. Alilolijua ni sakafu. Ijumaa moja ya kupiga deki darasa, mvulana mmoja mkubwa alikanyaga penye maji na viatu vya matope, akageuka, akapita tena makusudi. Wanza alimvisha ndoo kichwani akaigonga kwa ufagio mpaka mwalimu akaja mbio. Wote wawili walichapwa. Mvulana huyo ni Tom, aliyetupangia viti leo, na sikio lake la kulia mpaka kesho halisikii sawasawa.

Mwaka 1992 aliajiriwa kusafisha ofisi na magodauni ya kampuni moja ya malori Shimanzi, kazi aliyoifanya hadi ugonjwa ulipomtoa. Sakafu za huko hazina adabu: oili, grisi, molasi iliyomwagika ikaganda. Mopu alizichagua mwenyewe, dukani kwa Badawi, kwenye kichochoro cha nyuma ya Biashara Street. Alizivuta nyuzi kwa nguvu zake zote kuona kama zimeshonwa ama zimebandikwa kwa gamu. Kichwa kilichopigwa msumari alikitupa kando. Alitaka kilichobanwa kwa bolti. Mpini aliulaza kizingitini akaurukia kwa miguu miwili, na ukilia tu, hautaki.

"Mama Beryl, hiyo ni mopu, si mwizi!" Badawi alikuwa akipiga kelele.

Lakini akishamaliza kuchagua ya kazini, alichukua na nyingine ya nyumbani. Hiyo hakuivuta wala kuirukia. Mpini wake ulikuwa wa mti laini, mwembamba kama wa bendera ya watoto.

"Hini haimalizi mwezi," Badawi alimwambia. "Kwa watu wapeleka mti mgumu, kwako wapeleka kijiti?"

"Nipe hiyo hiyo, kakangu. Usiniulize."

Tarehe 17 Desemba 1994 marehemu alifunga ndoa na Jared, dereva wa lori. Walipanga vyumba viwili ghorofani kwa Bi Mwanakuu, Mji wa Kale, wakajaliwa Beryl na Ronny. Harusi ilikuwa nzuri, wali ulitosha na ukabaki. Ndoa ndiyo iliyoungua. Jared alirudi na buti za grisi akakanyaga sakafu mbichi, na akiambiwa neno, alinyakua mopu. Alimpiga mgongoni, mbavuni, kwenye mikono aliyojikingia. Mopu yao ya kwanza ilikuwa ngumu kama ya kazini. Ilimvunja Wanza mbavu mbili, na yenyewe haikupata hata ufa.

Tangu siku hiyo akawa ananunua mpini unaovunjika upesi. Ukishavunjika, Jared alikitazama kipande mkononi, akatukana, akatoka. Hiyo ndiyo hesabu aliyoishi nayo marehemu miaka mingi: sakafu isitakate vizuri, lakini mwenyewe abaki na roho yake.

Agosti 2009 Beryl, akiwa msichana wa miaka kumi na mitatu, aliingia kati kumkinga mamake. Ule mpini laini ukamvunjikia shavuni na vibanzi vikaingia. Kovu analo.

Kesho yake Wanza aliingia dukani, jicho moja limefumba. Badawi, bila kuulizwa, akamtolea kijiti chake.

"Rudisha," Wanza akasema. "Nipe mbili za kazini."

Badawi akalitazama lile jicho. Hapo ndipo alipoelewa. "Mamaangu, akiushika yeye mpini huu, atakuua."

"Ndiyo maana nitaushika mimi."

Jared alipanda ngazi saa kumi alasiri na buti zake. Wanza alikuwa akipiga deki.

"Vua viatu, Baba Beryl."

Jared akacheka, akanyoosha mkono auchukue mpini. Pigo la kwanza lilimpata kwenye huo mkono, la pili gotini, la tatu begani, na mfupa ulivyolia walisikia hata waliokuwa barazani. Akaserereka ngazi zote kwa matako, pua aliyoigonga ukutani ikimwaga damu. Bi Mwanakuu akatoka chumbani kwake chini, mkono kichwani.

"Wanza! Usimuulie kwenye ngazi zangu! Tazama damu!"

"Nitapiga deki, Bi Mwanakuu. Mpishe kwanza atoke."

Jared alitoka, na hakurudi kuishi pale. Polisi walimwita marehemu kwa kumvunja mume bega. Bi Mwanakuu alifuatana naye kituoni, akampandisha mikono ya blauzi mbele ya meza ya afisa. "Andika na haya, mwanangu," akasema. Afisa akaandika, akaandika, mwisho akafunga kalamu akawaambia waende nyumbani.

Februari 2024 marehemu aligunduliwa kuwa na saratani ya titi. Aliipiga, nayo ikampiga. Daktari alipomwambia muda wa kufanya kazi umekwisha, alivua champali mguuni akamrushia, ikampata muuguzi. Akamwomba radhi muuguzi peke yake. Karibu na mwisho, Beryl alimwuliza kama babake apelekewe habari.

"Apelekewe," akasema. "Akija mpeni kiti, mpeni na chakula ashibe. Kipaza sauti msimpe."

Alifariki asubuhi ya Jumanne, tarehe 3 Juni 2025, mkono wake mkononi mwa Beryl.

Ameacha mamake, Bi Kalekye, kakake, Maxwell, wanawe, Beryl na Ronny, mjukuu wake, Wendy, na Badawi na Bi Mwanakuu, ambao hawakuzaliwa nasi na ni ndugu zetu. Jared, baba wa watoto, ikiwa amefika, kiti chake kipo.

Wanza, lala sasa. Hapo ulipo hakuna mkono utakaokufikia.